Sonona Kali na Huduma ya Uchungaji katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Utangulizi

Mtumishi wa Bwana hufundishwa mambo mengi kabla ya kuwekewa mikono. Hufundishwa kuhubiri, kubatiza, kuandaa vijana kwa kipaimara, kuwatembelea wagonjwa na kuwazika wafu. Lakini akifika usharikani, iwe katika milima ya Tarime au katika nyanda za Serengeti, hukutana na mgonjwa wa namna nyingine, asiye na homa wala jeraha. Mtu huyo amekaa ndani wiki tatu. Chakula hakimpendezi, usingizi haumjii, shamba lake limeota magugu, na akiulizwa anaumwa nini hujibu kwamba amechoka tu. Jamaa zake husema kwamba ana mawazo. Jirani mmoja husema amerogwa, mwingine kwamba imani yake imepoa, mwingine kwamba ni mvivu. Mchungaji huitwa aje aombe. Naye huomba, kisha huondoka akijiuliza kama ametenda yote yaliyompasa.

Makala haya yanamhusu mgonjwa huyo na mchungaji huyo. Tunakusudia kueleza sonona kali ni nini, inajionyeshaje katika mazingira ya wilaya hizi mbili, na msaada wake unapatikana wapi. Hoja yetu kuu ni kwamba mchungaji hatakiwi kuchagua kati ya maombi na hospitali. Wajibu wake ni kumshika mgonjwa mkono na kwenda naye mpaka msaada upatikane. Tutaonyesha kwamba wajibu huu haukuletwa na elimu ya kigeni, bali unatoka katika kiini cha mafundisho yetu ya Kilutheri.

1. Jina la ugonjwa na dalili zake

Neno sonona limekuwapo katika Kiswahili kwa muda mrefu likiwa na maana ya kuumia moyoni. Waganga wa hospitali wamelichukua na kulipa maana maalumu ya ugonjwa. Ni vema tulitofautishe na maneno yaliyo karibu nalo. Huzuni ni jambo la kila mwanadamu. Huja kwa sababu fulani na hupungua kadiri siku zinavyopita. Majonzi ya msiba nayo huja kama mawimbi, na kati ya wimbi na wimbi mfiwa anaweza kula, kucheka kidogo na kumkumbuka marehemu kwa upendo. Msongo wa mawazo ni uzito wa mambo yanayomlemea mtu, nao hupungua mambo hayo yakitatuliwa. Sonona kali ni tofauti. Hata jambo lililoianzisha likiisha, yenyewe hubaki.

Waganga huitambua kwa dalili zinazodumu karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2. Dalili mbili ndizo za msingi: moyo ulioinama kwa sehemu kubwa ya siku, na kupotewa na hamu ya mambo yaliyompendeza mtu hapo kwanza. Kuna nyingine zinazoambatana nazo: kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukonda au kula ovyo, uchovu usioisha kwa kupumzika, kushindwa kukaza fikira, mwendo na maneno kuwa mazito au mwili kutotulia, kujiona hafai na kujilaumu kupita kiasi, na kufikiri juu ya kifo. Dalili zikiwa nyingi, na mtu akishindwa hata kazi zake za kila siku, sonona hiyo huitwa kali.

Mara nyingi mgonjwa haanzi kwa kutaja moyo wake. Hutaja mwili. Husema kichwa kinamuuma, kifua kimembana, mgongo unawaka moto, tumbo limejaa. Anaweza kwenda zahanati mara nne akapewa dawa za malaria na za minyoo bila nafuu. Mchungaji anayezijua kaya za usharika wake yuko mahali pazuri pa kugundua kwamba magonjwa hayo yote ya mtu mmoja huenda yana mzizi mmoja.

Ugonjwa huu si wa nchi fulani peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa nao, na wanawake hupatwa zaidi ya wanaume. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba ni maradhi ya Wazungu au ya watu wa mijini.

2. Mazingira ya Tarime na Serengeti

Wilaya hizi hutenganishwa na Mto Mara, lakini watu wake wana mengi yanayowaunganisha. Upande wa kaskazini ni Tarime, yenye milima ya kahawa, ndizi na mahindi, mpaka wa Sirari, na machimbo ya dhahabu ya Nyamongo. Upande wa kusini ni Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, na ambayo vijiji vyake vingi vimepakana na hifadhi. Humo wanaishi Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengine. Sonona haina chanzo kimoja. Urithi wa damu, maradhi ya muda mrefu, uzazi, ulevi na misiba vyote vinaweza kuchangia, na wakati mwingine humpata mtu ambaye hakupungukiwa na kitu. Hata hivyo, kila nchi ina mizigo yake, na mchungaji hana budi kuijua ya nchi yake.

Tuanze na wanaume. Kijana wa Kikurya akitoka tohara huhesabiwa kuwa mlinzi wa ukoo na wa ng'ombe. Siku ile alifundishwa kutopepesa jicho mbele ya kisu, na fundisho hilo humfuata maisha yake yote. Ng'ombe wakiibwa, au nyumba ikichomwa katika ugomvi wa koo, yeye haombolezi, kwa maana macho ya watu yanamtazama. Tena ng'ombe waliopotea ndio waliokuwa mahari, hivyo na ndoa yake imeahirishwa. Sonona ya mtu wa namna hii haionekani kwa machozi. Huonekana kwa hasira za ghafla, kwa pombe ya kienyeji na gongo tangu asubuhi, kwa ugomvi nyumbani, na kwa kutojali hatari. Baraza la wazee wa kanisa humwona mlevi na kumweka chini ya marudi, na mara chache hutokea mtu wa kumuuliza amelala saa ngapi mwezi huu mzima.

Kwa upande wa wanawake na wasichana mizigo ni mingine. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilifanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lakini msimu wa tohara unapofika, mara nyingi mwezi Desemba, wapo wasichana wanaolazimika kukimbia kwao. Wengi wamepokewa katika vituo vya hifadhi, kama kile cha Masanga huko Tarime na kile cha Mugumu. Kanisa hushangilia kwamba msichana ameokoka kisu, na ni haki kushangilia. Lakini baada ya shangwe msichana huyo hubaki na swali zito: je, baba atanipokea? Aliyekeketwa naye hubaki na kumbukumbu ambayo hana mahali pa kuisema. Wote wawili waweza kuangukia sonona, na wote wawili wanamhitaji mchungaji mwezi wa Machi kuliko walivyomhitaji mwezi wa Desemba.

Iko pia desturi ya nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hulipa mahari na kuoa msichana ili azae watoto wa nyumba yake. Wapo wanaoishi kwa amani na kutunzana katika nyumba hizo. Lakini pale ambapo msichana ameozwa angali mdogo, na hana kauli juu ya mwanamume atakayeletwa kwake, huweza kuishi miaka mingi akijiona ni chombo tu. Tukumbuke na mama aliyejifungua karibuni. Akiwa hamtazami mtoto wake, halali hata mtoto alalapo, na analia bila sababu, jamaa wasimwite mama mbaya, kwa maana sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa unaojulikana vizuri, nao hutibika.

Mwisho tumtaje mkulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Tembo wanaweza kumaliza shamba la mahindi usiku mmoja. Ili kulilinda, mtu hukesha usiku baada ya usiku kwa miezi, na kukosa usingizi kwa muda mrefu ni mlango mpana wa sonona. Mavuno yakipotea, deni la mbegu hubaki, na ada ya shule hubaki. Mwenzake wa Nyamongo aliyepoteza ardhi, au aliyechimba miaka mingi akitumaini dhahabu isiyoonekana, anaufahamu uchovu huo huo wa roho.

3. Mashahidi wa Maandiko

Wapo Wakristo wanaosema kwamba mtu wa imani hawezi kupatwa na hali hii. Maandiko hayasemi hivyo. Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya, siku chache tu baada ya ushindi wa Karmeli, anaketi chini ya mti jangwani na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Tuangalie jinsi alivyohudumiwa. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwacha alale, akamgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo safari ikafuata. Ndipo, huko Horebu, Mungu akamuuliza swali na kumsikiliza, akampa kazi inayowezekana, na akampa Elisha ili asiwe peke yake. Utaratibu huo ni somo kamili la uchungaji: mwili kwanza, kisha kusikilizwa, kisha wajibu mdogo, kisha mwenzi.

Ayubu sura ya 3 aliilaani siku ya kuzaliwa kwake, na Yeremia sura ya 20 akafanya vivyo hivyo, na wote wawili hawakufutwa katika hesabu ya watumishi wa Mungu. Zaburi ya 88 yatufundisha jambo kubwa zaidi. Karibu zaburi zote za maombolezo hugeuka mwishoni kuwa sifa, lakini hiyo huishia gizani. Kanisa limeihifadhi miongoni mwa sala zake. Maana yake ni kwamba mtu asiyeweza kusifu bado anaweza kuomba, na kilio chake kisicho na haleluya kinapokelewa. Mchungaji asimharakishe mgonjwa kutoka Zaburi ya 88 kwenda ya 150.

4. Martin Luther na roho zilizolemewa

Wasomaji wetu wanajua kwamba Luther mwenyewe alipita katika bonde hili. Mwezi Julai 1527 alianguka, akadhani anakufa, naye akawa na Johannes Bugenhagen, mchungaji wake, na Justus Jonas kando yake. Mwili ulipata nafuu, lakini uchungu wa roho uliendelea kwa miezi mingi, huku tauni ikiingia Wittenberg. Si sahihi kusema kwamba majaribu ya kiroho aliyoyaeleza Luther ni sonona ile ile ya waganga wa leo. Jaribu ni pambano la imani mbele ya Mungu, na sonona ni ugonjwa. Lakini mambo hayo mawili huweza kukaa katika mtu mmoja, na Luther alijua kuyahudumia pamoja.

Mfano bora ni barua zake za Novemba 1532. Jonas von Stockhausen, aliyekuwa mkuu wa walinzi katika mji wa Nordhausen, alikuwa amechoka na maisha kiasi cha kutaka kufa. Luther alimwandikia yeye, na pia alimwandikia mkewe. Kwa mke huyo alitoa maagizo ya kawaida kabisa: asimwache mumewe peke yake hata kitambo kidogo, asiache karibu naye kitu ambacho angeweza kujidhuru nacho, na amzungushie mazungumzo na habari za kumchangamsha, kwa sababu upweke ni sumu kwa mtu wa hali hiyo. Daktari wa leo angetoa maagizo hayo hayo.

Kuhusu dawa, katika andiko lake la 1527 juu ya kuikimbia tauni, Luther alifundisha kwamba Mungu ndiye aliyeziumba dawa, na kwamba anayezikataa kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu humjaribu Mungu. Nasi twasema: kama hatumwambii mwenye malaria aache dawa ili aonyeshe imani, hatuna ruhusa ya kumwambia hivyo mwenye sonona.

Tena liko jambo la msingi zaidi. Mgonjwa wa sonona humwambia mchungaji, "Simwoni Mungu, sisikii chochote nikiomba, basi nimepotea." Mhubiri anayepima wokovu kwa furaha ya moyo hana jibu, kwa kuwa moyo wa mtu huyu hautoi furaha tena. Sisi tunafundisha kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa ajili ya Kristo, wala si kwa ajili ya hali ya moyo wake. Ahadi iko nje yetu, katika Neno lililonenwa, katika maji yaliyomwagwa, katika mkate na divai. Hivyo mchungaji asimwambie mgonjwa achimbe ndani yake apate imani, maana humo kwa sasa kuna majivu. Amwambie kwamba alibatizwa, na kwamba ubatizo huo umesimama hata siku ambayo hausikii. Tena katika Makala za Schmalkald, alizoziandaa kwa ajili ya mkutano wa 1537, Luther alihesabu mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu miongoni mwa njia ambazo kwazo Injili hutufikia. Kuketi na mgonjwa wa sonona ni kuihudumu Injili hiyo.

5. Msaada unaopatikana

Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kupelekwa hospitali iliyoko Tarime au ya Mugumu, ambako iko Hospitali ya Nyerere ya Kanisa la Mennonite, na akihitaji zaidi atapelekwa Musoma au Bugando, Mwanza, kwenye idara ya magonjwa ya akili. Hospitali ya taifa kwa magonjwa hayo ni Mirembe, Dodoma. Watu husikia jina la Mirembe wakaogopa, wakidhani kila mgonjwa wa akili atafungiwa huko. Yafaa mchungaji aeleze kwamba wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa wakiwa nyumbani kwao.

Hospitalini mganga huuliza maswali na huweza kupima damu, kwa maana upungufu wa damu, magonjwa ya tezi ya shingo na maradhi mengine huweza kufanana na sonona. Dawa zinazotumika sana, kama amitriptilini na fluoksetini, zimo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu. Jamaa wanapaswa kujua mambo manne juu yake. Kwanza, hazifanyi kazi siku ile ile. Hupita wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana, na kumbe madhara madogo kama kinywa kukauka au usingizi hutangulia. Wengi huziacha katika wiki hizo. Pili, mgonjwa akipona huendelea nazo kwa miezi isiyopungua 6 ili ugonjwa usirudi, wala haachi ghafla bila shauri la mganga. Tatu, si dawa za kulevya, na pombe isichanganywe nazo. Nne, zikimezwa nyingi kwa pamoja ni hatari. Kwa hiyo ndugu mwaminifu azitunze na kumpa mgonjwa kipimo cha kila siku.

Mbali na dawa, mazungumzo yenye utaratibu nayo huponya. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, watafiti walijaribu njia ya vikundi. Wagonjwa walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanaume peke yao na wanawake peke yao, wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko yaliyowaangusha. Viongozi wao hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kwamba baada ya vikundi hivyo waliobaki na sonona kali walikuwa chini ya 7 katika kila 100, na katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi walibaki zaidi ya 50 katika kila 100. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina mama wazee kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, na njia hiyo nayo ilileta matunda. Usharika wenye umoja wa wanawake, kwaya na ibada za nyumba kwa nyumba tayari una watu wa kufanya kazi kama hiyo, iwapo watafundishwa na kusimamiwa na mhudumu wa afya.

Kanisa letu si geni katika huduma hii. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Kuanzia mwaka 1904 makao hayo yaliwapokea wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo imeendelea chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, ambako kazi za mikono na za shamba zimekuwa sehemu ya tiba. Walutheri wa nchi hii walikuwa wakiwatunza wagonjwa hao tangu zamani za babu zetu.

6. Wajibu wa mchungaji

Tupendekeze basi mwenendo ambao mtumishi aweza kuufuata.

(a) Aende, akae, asikilize. Asianze kwa kueleza sababu, wala asiseme kwamba wako wenye shida kubwa zaidi. Sala iwe fupi, na zaburi iwe moja. Mtu ambaye akili yake imechoka hawezi kubeba mahubiri ya saa nzima.

(b) Aulize juu ya usingizi, chakula, kazi na pombe. Kisha aulize waziwazi kama mgonjwa amefikiri kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Sivyo. Aliye na wazo hilo hupata nafuu kwamba yupo mtu aliyethubutu kulitaja.

(c) Jibu likiwa ndiyo, mgonjwa asiachwe peke yake. Dawa za kuogeshea mifugo na za mashambani zitolewe nyumbani au zifungiwe kwa mtu mwingine, na safari ya hospitali iwe siku hiyo hiyo. Siri ya ungamo ni takatifu, nayo haivunjwi kwa kuwaambia jamaa kwamba ndugu yao yuko katika hatari na asiachwe. Waambiwe hatari, yaliyoungamwa yabaki yamefichwa.

(d) Aende naye hospitali, au amtume mwinjilisti au mzee wa kanisa. Mgonjwa wa sonona hana nguvu ya kupanga foleni na kujieleza; akiambiwa tu aende, hataenda.

(e) Asimwagize kufunga mtu ambaye tayari hali. Asiruhusu mgonjwa afungwe kamba, apigwe au akatazwe dawa kwa jina la maombezi. Wazee wa ukoo wakitaka kumpeleka kwa mganga wa jadi, azungumze nao kwa heshima, akiwaeleza ugonjwa huu. Mzee aliyezoea kukaa katika ritongo na kupima maneno ya pande zote huelewa akielezwa vizuri, na kauli yake nyumbani ina uzito kuliko ya kijana wa theolojia.

(f) Arudi. Ugonjwa huu ni wa miezi. Ziara ya tano, wakati majirani wamechoka, ndiyo yenye thamani.

7. Maziko ya aliyejiua

Hatuwezi kumaliza bila kugusa jambo linalogawanya mabaraza ya wazee. Katika sharika nyingi aliyejiua huzikwa bila kengele, bila mchungaji na bila wimbo. Desturi hii ina mizizi ya kale: Augustino alihukumu tendo la kujiua, na mtaguso wa Braga katika karne ya 6 uliwanyima watu hao ibada ya maziko. Nia ilikuwa kulinda amri ya tano, na ni kweli kwamba uhai si wetu. Lakini Luther, katika mazungumzo yake ya mezani, alikataa kusema kwamba wote wa namna hiyo wamepotea. Aliwafananisha na msafiri aliyeuawa na mnyang'anyi porini: hawakutenda kwa hiari, bali walishindwa nguvu.

Tukijua leo jinsi sonona kali inavyoishika akili, mfano huo wapata uzito zaidi. Tena tuangalie matokeo ya ukali wetu. Ujane na uyatima wao umeongezewa aibu. Familia nyingine hujifunza kuficha ugonjwa, na mwenye mawazo ya kifo hujifunza kunyamaza. Sheria ya adhabu iliyotokana na ukoloni, iliyohesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, imezidisha woga huo. Ng'ambo ya Sirari, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba ya nchi hiyo. Sisi hatutoi kanuni mpya, kwa kuwa hiyo ni kazi ya dayosisi. Lakini twasihi kwamba popote kanuni inapoacha nafasi, mchungaji asimame kaburini, asilitukuze tendo wala asimhukumu marehemu, amkabidhi kwa Kristo na kuwafariji walio hai.

8. Mchungaji naye ni kondoo

Yaliyosemwa yote yanamhusu pia mtumishi mwenyewe. Mchungaji wa mitaa sita, anayetembea umbali mrefu, anayezika wiki hii na kusuluhisha koo wiki ijayo, naye aweza kufika mahali ambapo Neno analolihubiri halimgusi tena. Mara nyingi huficha, akihofu kwamba washarika watasema imani imemwishia. Luther hakuficha, alimwita Bugenhagen. Kila mtumishi awe na Bugenhagen wake, mtumishi mwenzake wa kumwungamia, hata kama ni wa ng'ambo ya Mto Mara au wa dhehebu jirani. Na dalili tulizozitaja zikidumu wiki 2, aende kwa mganga kama mtu mwingine yeyote. Wanafunzi wa vyuo vyetu walizoee jambo hili tangu sasa, wakiulizana hali kwa kweli, si kwa salamu tu.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba sonona kali ni ugonjwa, kwamba unatibika, na kwamba mizigo ya Tarime na Serengeti huupa sura ambayo macho yasiyofundishwa hayaioni. Tumeonyesha kwamba Maandiko na mafundisho yetu hayamwachi mchungaji bila kitu mkononi. Kilichobaki ni kazi. Kila baraza la usharika lingeweza mwaka huu kufanya mambo matatu: kumwalika mhudumu wa afya wa kituo cha karibu aje afundishe, kuchagua washarika wawili wanaume na wawili wanawake wa kuandamana na wagonjwa hospitali, na kutenga sehemu ya sadaka ya diakonia kwa nauli ya wagonjwa hao. Nauli ya kutoka Mugumu mpaka Mwanza ni kikwazo kikubwa kwa familia iliyopoteza mavuno, nayo ni ndogo kwa usharika mzima.